Mamlaka ihakiki saa za marubani kwenye madaftari ya ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huandikwa sana ajali ya ndege inapotokea, kisha husahaulika mara matanga yanapoanuliwa. Nazungumzia marubani wanaojiandikia saa za angani ambazo hawakuziruka, wanaofanyiwa mitihani na watu wengine, na wanaoficha majaribio waliyoshindwa ili wapate kuajiriwa.

Habari hizi zikitajwa, wengi wetu hufikiria tapeli aliyevaa sare na kuketi kwenye usukani bila kustahili. Matapeli wa aina hiyo wapo. Machi 2010, polisi wa Uholanzi walimkamata katika uwanja wa Schiphol, Amsterdam, raia wa Sweden aliyekuwa tayari kuirusha Boeing 737 kwenda Ankara ikiwa na abiria 101, na ikabainika kwamba alikuwa ameendesha ndege za abiria barani Ulaya kwa takriban miaka 13 bila leseni halali. Kisa hicho kilizunguka dunia kwa sababu kinasimulika vizuri. Mimi hakinitishi sana, kwa kuwa mtu huyo angalau alikuwa akiruka kweli, na uzoefu wake, ingawa haukuwa na karatasi ya kuuhalalisha, ulipatikana angani. Anayenitisha ni yule wa kinyume chake: rubani mwenye leseni halali, yenye muhuri halali wa mamlaka halali, iliyotolewa kwa kutegemea uzoefu ambao haukuwahi kuwapo.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, saa za kuruka ndiyo sarafu ya rubani. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ambazo nchi zetu zimezipokea katika sheria zake, zinamtaka anayeomba leseni ya rubani wa biashara awe na saa 200 za kurusha ndege, au 150 kama amepitia mafunzo yaliyoidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Leseni ya juu kabisa, inayomruhusu mtu kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, inahitaji saa 1,500, na ndani yake ziwemo saa 100 za usiku, saa 75 za kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege, na saa ambazo mwombaji mwenyewe ndiye aliyebeba dhamana ya ndege. Hesabu yote hiyo huandikwa na rubani mwenyewe katika daftari lake binafsi, logibuku: tarehe, namba ya usajili wa ndege, alikotoka, alikokwenda, muda aliokaa angani, na kama alikuwa rubani mkuu au msaidizi. Ni kumbukumbu ambayo mwandishi wake ndiye mfaidika wake wa kwanza, na hilo peke yake lilipaswa kutufanya tuiangalie kwa jicho la karibu.

Kijana anayetoka chuoni na saa zake 200 hukuta waajiri wanataka 500, wengine 1,000, na kukodi ndege ndogo kwa saa moja ni gharama ambayo familia iliyokwisha kuuza shamba kwa ajili ya ada haiwezi kuibeba tena. Hapo ndipo kalamu inapoanza kuruka badala ya ndege. Safari ya saa moja na dakika kumi huandikwa saa moja na nusu. Safari aliyokaa kiti cha nyuma akitazama huandikwa kana kwamba aliiendesha yeye. Saa za rubani msaidizi huhamia kwenye safu ya rubani mkuu. Akishazoea, huandika safari nzima isiyokuwapo, katika ndege ambayo kweli ipo na kwa njia ambayo kweli hurukwa, na kwa kuwa kila kitu ndani ya mstari ule kinawezekana, hakuna anayeshtuka.

Nilifanya kazi ya kutunza kumbukumbu za ndege katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi hapa kaskazini, kwa hiyo najua jinsi uongo huu ulivyo rahisi kuuandika, na najua vilevile jinsi ulivyo rahisi kuugundua. Kila ndege ina daftari lake la kiufundi, ambalo halitunzwi kwa ajili ya sifa za rubani bali kwa ajili ya usalama wa injini na bodi. Muda wa kila safari hujumlishwa humo kwa sababu ndege lazima iingie karakana kila inapofikisha idadi fulani ya saa, kwa ndege ndogo mara nyingi 50 au 100, na kila saa inayoongezwa humsogeza mwenye ndege karibu na gharama. Hakuna mwenye ndege anayependa kulijaza daftari hilo saa za bure. Kishawishi, kikiwapo, ni cha kuzipunguza.

Wakati mmoja aliletwa kwetu kijana aliyeomba kazi. Logibuku yake ilikuwa safi, mwandiko wa kupendeza, wino wa rangi moja kuanzia Januari hadi Novemba, jambo ambalo lingetosha kumzindua mtu yeyote aliyewahi kuona daftari lililojazwa kwenye bawa la ndege huku upepo ukipeperusha kurasa. Ndani yake alikuwa ameorodhesha safari kadhaa katika ndege ambayo kampuni yetu iliikodisha kwa chuo cha urubani, na baadhi ya safari hizo ziliangukia wiki ambayo ndege hiyo ilikuwa karakanani, imetolewa propela. Nililifungua daftari la ndege, nikaziweka kurasa mbili kando kwa kando mbele yake. Hakubisha. Alifunga logibuku yake, akashukuru kwa adabu, akaondoka, na baada ya muda nikasikia ameajiriwa kwingine. Hakuna aliyepiga simu kutuuliza, na sisi nasi hatukuwa na mahali rasmi pa kupeleka tulichokiona.

Mambo haya hayakuanzia kwetu, na kwingine yamefika mbali zaidi. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2010, ndege aina ya Embraer 190 ya shirika la Henan, iliyotoka Harbin ikiwa na watu 96, ilianguka ikikaribia uwanja wa Yichun, kaskazini-mashariki mwa China, na watu 44 wakafa. Ukungu ulikuwa umetanda. Kanuni za shirika zilitaka rubani yule aweze kuona umbali wa mita 3,600 ndipo atue, ilhali taarifa ya hali ya hewa ilisema mita 2,800. Aliendelea kushuka hata kupita kimo ambacho hakuruhusiwa kukipita bila kuiona njia ya kurukia, na ndege ikagonga ardhi kabla ya kuifikia. Rubani mkuu alinusurika, akatoka kwenye ndege akiwaacha abiria nyuma, na mwaka 2014 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu.

Baada ya ajali hiyo ndipo wananchi wa China walipopata kusikia jambo ambalo mamlaka yao ya anga ilikwishalijua: ukaguzi wa miaka ya 2008 na 2009 ulikuwa umewabaini marubani zaidi ya 200 waliodanganya kuhusu historia yao ya kazi na uzoefu wao, na kati yao 103 walikuwa wa shirika la Shenzhen, ambalo ndilo lililokuwa mmiliki wa Henan. Sisemi kwamba uongo huo ndio uliowaua watu wa Yichun. Uchunguzi ulitaja kushuka kwa rubani chini ya kimo kinachoruhusiwa, na pia usimamizi dhaifu wa shirika na wa mamlaka. Ninachosema ni kwamba usimamizi ule ule ulioshindwa kumzuia rubani asitue kwenye ukungu ndio ulioshindwa kuuona uongo uliokuwa ukipita mezani pake. Usafiri wa anga wa China ulikuwa ukikua kwa kasi kuliko uwezo wa kumlea rubani msaidizi hadi awe rubani mkuu, na mashirika mapya yalihitaji watu wa kukaa kiti cha kushoto, yaani kiti cha rubani mkuu. Rubani mmoja anaweza kuudanganya uongozi wake. Marubani 103 katika shirika moja hawawezi kuwa siri ya watu hao 103 peke yao; lazima kulikuwa na meza ambazo zilipendelea kutosoma.

India nayo ilipata fedheha yake mwaka 2011, pale rubani mmoja alipotua Goa kwa gurudumu la mbele na, katika kumchunguza, ikagundulika kwamba matokeo ya mitihani yaliyompatia leseni yalikuwa ya kughushi. Mamlaka ya huko ikaanza kupekua maelfu ya leseni. Katika jimbo la Rajasthan, polisi wa kupambana na rushwa waliwakamata watu kwa tuhuma za kuuza saa za kuruka za uongo kupitia chuo cha urubani cha jimbo lenyewe. Hapo mwizi na mlinzi walikuwa ofisi moja.

Lakini nchi ambayo kisa chake kinastahili kusomwa na kila ofisa wa anga wa Afrika Mashariki ni Pakistani. Tarehe 22 Mei 2020, siku chache kabla ya Idi, Airbus A320 ya shirika la taifa, PIA, ilitoka Lahore kwenda Karachi. Ilikaribia uwanja ikiwa juu mno na kwa kasi kubwa mno, huku marubani wakiwa katika mazungumzo kuhusu korona. Magurudumu, ambayo yalikwisha kushushwa, yalirudishwa ndani, na ndege ikagusa njia ya kurukia kwa injini zake. Waliinyanyua tena wakajaribu kuzunguka watue upya, lakini injini zilizosagika kwenye lami hazikufika mbali. Zilizima zote mbili, na ndege ikaangukia nyumba za watu. Kati ya watu 99 waliokuwamo walipona wawili tu, na mkazi mmoja wa mtaa ule naye alipoteza maisha.

Mwezi mmoja baadaye waziri wa anga wa nchi hiyo alisimama bungeni na kutangaza kwamba kati ya marubani 860 waliokuwa kazini, 262 walikuwa na leseni za kutiliwa shaka, kwa kuwa mitihani yao ilifanywa na watu wengine. Fikiria, ndugu msomaji, tangazo kama hilo linasikikaje kwa mtu mwenye tiketi mfukoni. Umoja wa Ulaya ulilifungia shirika hilo anga yake kuanzia Julai 2020 na haukuifungua hadi Novemba 2024. Marekani iliishusha daraja Pakistani kwa upande wa usalama wa anga. Vietnam iliwasimamisha marubani wote wa Kipakistani, na mataifa mengine yakaandika barua kuuliza habari za waliokuwa kwao. Mojawapo ni Oman, ambako mkuu wa mamlaka ya anga ya Pakistani alipeleka jibu la maandishi, wiki chache tu baada ya waziri wake kuhutubia bunge, akisema kwamba leseni zote zilizotolewa na mamlaka yake ni halali. Waziri anasema hivi, mkuu wa mamlaka iliyo chini yake anasema vile, na mwenye ndege huko Muscat amwamini nani?

Ukaguzi ulipoendelea, leseni zilizofutwa zilikuwa 50, na nyingine kadhaa zikasimamishwa. Hamsini ni nyingi, tena za kutisha, lakini si 262. Marubani waliosafishwa walikuwa tayari wamesomwa majina yao katika magazeti ya dunia, na kuna waliopoteza kazi ugenini kwa kosa ambalo hawakulifanya. Wale wanaodhani kwamba dawa ya leseni za uongo ni kelele za kisiasa wakitazame kisa hiki kwa makini, maana kelele zilitangulia uhakiki, na waliolipa ni wenye hatia na wasio na hatia kwa pamoja.

Kuna jambo moja dogo katika kisa hicho ambalo wengi walilipita, na kwangu ndilo kiini chake. Upekuzi wa leseni za Pakistani haukuanza na ajali ya Karachi. Ulianza na tukio la mwaka 2018, ndege ilipopitiliza njia ya kurukia na, katika kupitia karatasi za rubani, wachunguzi wakaona kwamba tarehe iliyoandikwa kuwa ndiyo aliyofanya mtihani ilikuwa siku ya mapumziko ya kitaifa, ofisi zimefungwa. Hakukuwa na shushushu wala mtambo wa kugundua uongo. Kulikuwa na mtu aliyechukua karatasi mbili, leseni na kalenda, akazilinganisha. Kazi hiyo ingeweza kufanywa siku leseni ilipoombwa.

Wamarekani, ambao sheria zao tunazitazama kama kielelezo, nao wameshindwa mtihani huu kwa namna yao. Februari 2009 ndege ya shirika la Colgan ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, na uchunguzi ukaonyesha kwamba rubani mkuu alipoomba kazi hakutaja baadhi ya majaribio ya urubani aliyokuwa ameyashindwa. Bunge likatunga sheria mwaka 2010, na pamoja na mambo mengine likaagiza iundwe hifadhi ya kielektroniki ya rekodi za marubani, ili mwajiri mpya aone kila jaribio lililofaulu na lililofeli. Miaka ikapita. Februari 2019 ndege ya mizigo ya shirika la Atlas, aina ya Boeing 767, ilijitupa katika ghuba ya Trinity, Texas, na watu watatu waliokuwamo wakafa. Rubani msaidizi, ambaye alishindwa kuielewa ndege yake ilikuwa inafanya nini na akaisukuma pua chini bila sababu, alikuwa ameacha mafunzo katika mashirika mengine kabla ya hapo na akaficha habari hizo alipoomba kazi. Hifadhi iliyoagizwa mwaka 2010 bado ilikuwa haijakamilika, na wachunguzi wakaitaja mamlaka ya anga ya Marekani kwa kuchelewa huko. Kanuni yenyewe ilikuja kutolewa 2021.

Najua marubani wenyewe watanijibu kwamba saa si ujuzi, na wana hoja. Marubani wote wawili wa ndege ya Buffalo walikuwa wamevuka saa 1,500, tena kwa mbali. Kuna mtu mwenye saa 800 za kutua katika viwanja vya vumbi mbugani, pundamilia wakivuka njia na upepo ukimpiga ubavuni, ambaye ningempa wanangu awasafirishe kabla ya mwenye saa 3,000 za kutazama ndege ikijiendesha. Hata wataalamu wanabishana kama 1,500 ni namba ya sayansi au ya siasa. Lakini ubishi huo hauhusiki na uongo. Mtu anayeamini kwamba kanuni ya saa ni mbovu anaweza kuipinga. Anayeandika saa ambazo hakuziruka haipingi kanuni, anaitumia.

Tena usalama wa ndege umejengwa juu ya maandishi ya rubani yanayoaminiwa bila yeye kusimamiwa. Ndiye anayesaini hesabu ya uzito. Ndiye anayeandika kwamba mafuta yametosha, kwamba alipumzika saa zinazotakiwa kabla ya zamu, kwamba alisikia mlio usio wa kawaida kwenye injini ya kulia, na fundi wa zamu ya usiku ataamini alichoandika kwa kuwa hana namna nyingine ya kujua. Rubani aliyeingia kazini kwa kalamu ya uongo ameshajifunza kwamba maandishi ni ya kumridhisha mkubwa. Sioni kwa nini aache tabia hiyo siku anapotakiwa kuandika hitilafu ambayo itaizuia ndege isiruke, wakati mwajiri amesimama mlangoni akitazama saa yake. Pia kuna hofu. Mwenye siri ya namna hii hawezi kumwambia mkufunzi wake, "Hapa sijaelewa," kwa sababu mtu mwenye saa zilizoandikwa kwenye daftari lake alipaswa kuelewa zamani. Atanyamaza, na atanyamaza hata rubani mkuu anapokosea.

Sasa nije nyumbani. Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyoidhinishwa na Tanzania katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, baada ya kuitanguliza Air Tanzania Desemba 2024. Majirani zetu wa Kongo wamo humo kwa miaka mingi. Uamuzi huo haukuhusu saa za uongo, na nisingependa msomaji yeyote aelewe hivyo. Ulihusu uwezo wa usimamizi, yaani kama mamlaka ina watu wa kutosha wenye sifa, na kama inakagua kweli kile inachosema inakikagua. Uhakiki wa uzoefu wa marubani ni sehemu ya kazi hiyo hiyo, na ni sehemu ambayo tunaweza kuirekebisha bila kusubiri mkopo wala mshauri kutoka ng'ambo.

Njia yenyewe tunaijua. Mwaka 2017, serikali ilipotangaza kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, haikuwatambua kwa kuwatazama usoni wala kwa kuwauliza maswali ya jiografia. Vyeti vyao vilipelekwa Baraza la Mitihani, vikalinganishwa na kumbukumbu za mahali vilipotoka. Yapo ya kulaumu katika namna zoezi lile lilivyoendeshwa, hasa kwa watu waliotumikia miaka mingi kisha wakaondoka mikono mitupu, lakini kanuni yake ilikuwa sahihi: cheti huulizwa kwa aliyekitoa, si kwa aliyekibeba.

Kwa rubani, aliyetoa saa ni ndege. Ninaiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kila inapopokea maombi ya leseni ya biashara au ya daraja la juu, ichukue kurasa kadhaa za logibuku bila kumwambia mwombaji ni zipi, izilinganishe na daftari la kiufundi la ndege iliyotajwa na kumbukumbu za mnara wa kuongozea ndege wa uwanja uliotajwa. Mnara huandika kila ndege inayoruka na inayotua; uwanja hutoza ada ya kutua na kutoa stakabadhi; mafuta hununuliwa kwa hati. Uongo wa kwenye logibuku ungelazimika kukubaliana na vyote hivyo kwa siku ile ile na saa ile ile. Nitaje tahadhari moja ambayo mkaguzi asiye na uzoefu anaweza kuikosa: saa moja ya ndege inaweza kuandikwa kihalali na watu wawili, mwalimu na mwanafunzi wake, au rubani mkuu na msaidizi wake, kwa hiyo jumla ya saa za marubani kuzidi saa za injini si ushahidi wa wizi. Zikizidi maradufu, hapo kuna wa kuulizwa.

Vijana wetu wengi husomea nje, Afrika Kusini, Ethiopia na mbali zaidi, na huko ndiko saa zao za kwanza zilikoandikwa. Barua ya chuo iliyobebwa mkononi na mhitimu mwenyewe isipokewe kuwa uthibitisho. Mamlaka iandikie mamlaka mwenzake moja kwa moja, isubiri jibu, na jibu liwekwe kwenye faili. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tunalo tayari shirika la kusimamia usalama wa anga, CASSOA, lenye makao yake Entebbe, na sioni mahali panapofaa zaidi pa kuweka hifadhi moja ya majaribio ya marubani wa nchi zetu, ili aliyeshindwa Nairobi asianze upya Dar es Salaam kana kwamba amezaliwa jana. Hifadhi hiyo isiwe ya kumkomoa mtu. Kushindwa jaribio si dhambi, marubani wazuri wameshindwa na kurudia. Mwajiri anachohitaji kujua ni kama kasoro ile ile imejirudia kila alipokwenda.

Waajiri nao wasijifiche nyuma ya mamlaka. Kampuni inayomwajiri rubani bila kumpigia simu mwajiri wake wa zamani, au inayopokea simu kama hiyo na kujibu kwa mafumbo kwa kuwa inataka kumwondoa mtu bila ugomvi, imeshiriki. Namkumbuka yule kijana wa wino wa rangi moja, na siachi kujiuliza ni nani aliyemwajiri baada yetu. Kama kungekuwa na ofisa aliyepewa kazi ya kupokea taarifa za namna hiyo kwa siri, akazichunguza kabla ya kumtaja mtu yeyote, ningempelekea nakala ya kurasa zile mbili siku ile ile, na kijana angepata nafasi ya kujieleza, pengine hata ya kurudi chuoni akamalizie saa zake kihalali angali na umri mdogo.

Mwisho, Mhariri, ninaomba Mamlaka itupe jibu kupitia gazeti hili: katika mwaka wa fedha uliopita, ni maombi mangapi ya leseni ambayo saa zake zililinganishwa na madaftari ya ndege, na ni mangapi yaliyopitishwa kwa kutazama logibuku ya mwombaji peke yake? Majina hatuyataki. Tunataka hizo namba mbili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza kumbukumbu za ndege mstaafu,
Arusha